Je, Anayeogopa Hana Imani?



Masomo ya wiki hii: Mathayo 25:14–30, Waamuzi sura ya 6 na 7, 1 Yohana 4:16–18.

Kuna swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya ibada, wakati viti vinapangwa na vijana wa mitambo wanakunja nyaya. "Pasta, mimi nimeokoka, ninaomba, ninafunga. Mbona bado ninaogopa? Ina maana sina imani?" Na wanaouliza si wachanga wa wokovu peke yao. Wengine wametumika katika kanisa miaka mingi kuliko mimi.

Nimeona nilijibu kwa maandishi, kwa sababu ndani yake kuna swali jingine kubwa: je, kuogopa ni dhambi? Kama ni dhambi, basi tutubu sote. Kama si dhambi, tuache kuwahukumu wanaoogopa, na tuache kujihukumu wenyewe. Na kama jibu liko katikati, tujue mpaka umepita wapi.

Sitaki mtu adhani haya ni maneno ya kupitisha wakati. Katika makanisa yetu ya kiroho tumezoea ushuhuda wa namna moja. Mtu anashika maiki, anasema, "Daktari aliniambia hivi na hivi, lakini mimi sikuogopa hata kidogo." Tunapiga makofi, na ni vizuri kumshukuru Mungu. Lakini hebu mfikirie mama aliyekaa safu ya nyuma, ambaye wiki hiyo hiyo akioga amegusa titi lake akasikia kivimbe. Anaogopa. Sasa anasikia kwamba watu wa imani hawaogopi. Amekuja kanisani na mzigo mmoja, anarudi nyumbani na miwili: kivimbe, na aibu ya kukiogopa. Hatamwambia mtu. Hospitali haendi, maana kwake kupimwa ni kama kuukiri ugonjwa. Miezi inapita, na kivimbe hakimngoji apate ushuhuda.

Ama mfikirie baba aliyeachishwa kazi miezi mitatu iliyopita. Kila asubuhi anavaa shati, anatoka kama kawaida, anashinda mjini akizunguka ili mke asijue. Ama kijana aliyekopa kwenye simu, akakopa kwingine kulipa kule, sasa namba asiyoijua ikipiga anazima simu. Kwenye kesha anakemea roho ya madeni kwa sauti kubwa kuliko wote, lakini hajawahi kukaa chini na karatasi ajumlishe anadaiwa ngapi na nani.

Hawa watatu wanafanana kwa jambo moja. Wote wanaficha. Naomba ulishike neno hilo, tutalirudia.

Mwili uliumbwa na kengele

Tuanze na mwili. Ukivuka barabara kuu ukasikia honi ya lori karibu yako, moyo unapiga haraka na miguu inaruka kabla hujafikiri. Hiyo ni hofu, na imekuokoa. Mtoto anayetambaa kwenda kushika makaa ya jiko bila kuogopa, hatumwiti mtoto wa imani. Tunamkimbilia. Mungu alituwekea kengele ndani ya mwili ili tuishi, na kengele ikilia haijatenda dhambi. Imefanya kazi yake.

Sasa tuje kwenye Neno. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba alipofika kwao alikuwa dhaifu, mwenye hofu na kutetemeka sana (1 Wakorintho 2:3). Katika barua ya pili anaeleza jinsi alivyofika Makedonia, nje kukiwa na vita na ndani kukiwa na hofu (7:5). Huyu ni Paulo yule yule aliyeimba gerezani usiku wa manane. Daudi katika Zaburi ya 56, akiwa mikononi mwa Wafilisti, hadai kwamba haogopi. Anasema kwamba siku hofu inapomjia, siku hiyo ndiyo anayomtumainia Mungu. Ni mstari unaofuata ndipo anasema hataogopa. Angalia mpangilio huo: alianza kwa kukubali kwamba hofu ipo, ndipo akavuka.

Na Bwana wetu mwenyewe? Marko 14 inatuonyesha Gethsemane, Yesu akifadhaika na kuhangaika sana, akiwaambia wanafunzi jinsi roho yake ilivyo na huzuni karibu ya kufa. Waebrania 5:7 inataja kulia kwa sauti na machozi. Kuna watu wanaosema hiyo ilikuwa huzuni, si hofu. Sitagombana na mtu juu ya jina. Ninachojua ni kwamba mtu aliyekuwa akipita na taa usiku ule na kumwona Yesu chini, kifudifudi, akitokwa na jasho, hangesema, "Tazama mtu ambaye hana wasiwasi wowote." Na Mwana wa Mungu hakutenda dhambi. Basi kutetemeka mbele ya jambo zito, kwenyewe, si dhambi.

"Usiogope" ni kesi au ni faraja?

Mtu ataniuliza, mbona basi Biblia imejaa amri ya kutoogopa? Umeshasikia ikihubiriwa kwamba neno hilo limo mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Ukikaa na Biblia ukahesabu mwenyewe, hesabu itabadilika kulingana na tafsiri uliyo nayo na maneno uliyoamua kuyahesabu. Hatuhitaji hesabu hiyo. Tunahitaji kuangalia ni nani aliyeambiwa, na aliambiwa nini tena.

Aliambiwa Abramu usiku, akiwa hana mtoto. Aliambiwa Yoshua, siku ambazo Musa alikuwa amekufa na taifa zima limemwangukia mabegani. Aliambiwa Mariamu, msichana aliyeshtushwa na malaika. Wakaambiwa wachungaji makondeni. Akaambiwa Paulo kwa maono huko Korintho (Matendo 18:9). Wote hawa walikuwa tayari wanaogopa. Hakuna mzazi anayemwambia mtoto "nyamaza usilie" kama mtoto halii. Na karibu kila mara neno hilo linafuatwa na sababu: mimi ni ngao yako, niko pamoja nawe, umepata neema. Hakimu akisoma mashtaka haongei hivyo. Hivyo ndivyo baba anavyoongea akiwasha taa chumbani usiku na kukaa kitandani kando ya mtoto.

Lakini nisiwe mtu wa kuchagua mistari mitamu. Ufunuo 21:8 inaorodhesha watu watakaoukosa mji mtakatifu, na wa kwanza kutajwa ni waoga. Hilo ni andiko zito. Kumbuka kitabu hicho kiliandikiwa makanisa yaliyokuwa yakibanwa ili yamkane Kristo, na ahadi zake zimetolewa kwa washindao. Mwoga wa Ufunuo ni yule ambaye hofu ilimwambia amwache Yesu, naye akamwacha. Hofu imekuwa bwana wake. Petro aliogopa usiku ule kwenye moto wa makaa, akamkana Bwana mara tatu, lakini akarudi akilia, na Bwana akampa kondoo wa kulisha. Kwa hiyo mpaka hauko kati ya anayehisi hofu na asiyeihisi. Uko kati ya anayeisikia hofu na anayeitii.

Mtumishi wa talanta moja

Ukitaka kuuona mpaka huo vizuri, soma Mathayo 25. Mimi nilisomea biashara chuo kikuu, na mfano huu ndio ninaoufikiria kila ninapokutana na mtu aliyefungwa na hofu.

Kwanza tujue talanta ilikuwa nini. Haikuwa kipawa cha kuimba. Ilikuwa kipimo cha fedha, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Katika Mathayo 20 tunaona dinari moja ikilipwa kibarua wa shamba la mizabibu kwa siku moja. Tuseme mtu anafanya kazi siku 300 kwa mwaka. Talanta moja ni mshahara wa miaka 20. Kwa hiyo tusimwonee huruma huyu mtumishi wa tatu kana kwamba alipewa makombo. Alikabidhiwa mali nyingi kuliko nyingi ya zile tunazozikabidhi benki.

Alifanya nini? Alichimba shimo, akazika. Siku hizo kuzika fedha kulionekana njia salama ya kuzilinda na wezi. Hakuiba, hakulewa nazo, hakucheza kamari. Angekuwa mweka hazina wa chama chenu, vitabu vyake vingepatana mpaka senti ya mwisho. Mbona basi bwana wake alikasirika?

Sikiliza utetezi wake. Anasema alimjua bwana wake kuwa mtu mgumu, anayevuna asipopanda. Ndipo anasema aliogopa. Ndipo anasema alificha. Hatua tatu: picha ya bwana, hofu, shimo. Hofu yake haikutoka sokoni. Wenzake wawili walikuwa kwenye soko lile lile, wenye hatari zile zile za hasara, wakafanya biashara. Tofauti yao ni jinsi kila mmoja alivyomwona aliyemkabidhi. Wale wawili walifanya kazi kama watu wanaojua bwana wao anataka wafaulu. Huyu wa tatu alifanya kazi kama mtu anayejua bwana wake anamtafutia kosa.

Hapo ndipo hofu inapokuwa jambo la kiroho. Si moyo kupiga haraka. Ni kile unachokiamini juu ya Mungu moyo wako unapopiga haraka. Na ni kile unachokizika kwa sababu hiyo. Hukumu ya yule mtumishi haikuwa kwamba alihisi hofu. Ni kwamba aliiacha hofu iendeshe mali ya mtu mwingine.

Sasa rudi kwa wale watatu tulioanza nao. Mama anaficha kivimbe, baba anaficha barua ya kuachishwa kazi, kijana anaficha madeni. Kila mmoja ana shimo lake. Na ukiwauliza taratibu, chini ya kila shimo utakuta picha: Mungu atakuwa ameniacha, mke wangu ataniona si mwanaume, kanisa litasema mimi si wa kiroho. Huwezi kumtoa mtu shimoni kwa kumkemea. Lazima picha ile ibadilike.

Gideoni alifanya usiku

Mtu atasema, "Pasta, nitaanza kutii hofu ikiisha." Huyu namtuma kwa Gideoni.

Tunapomkuta Gideoni anapura ngano ndani ya shinikizo la zabibu, ili Wamidiani wasimwone. Ni kama mtu anayepika bafuni ili jirani asisikie harufu. Hapo hapo, akiwa amejificha, malaika anamwita shujaa. Halafu Bwana anamwambia abomoe madhabahu ya Baali ya baba yake. Gideoni akafanya hivyo, lakini Biblia haifichi kwamba alifanya usiku, kwa sababu aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na watu wa mji (Waamuzi 6:27). Je, Mungu alimkaripia kwa kufanya usiku? Hakuna neno hata moja la karipio. Asubuhi madhabahu ilikuwa imelala chini. Jiwe lililoangushwa na mikono inayotetemeka limeanguka sawasawa na lililoangushwa na mikono isiyotetemeka.

Sura ya 7 ina jambo linalonigusa zaidi. Waliokuwa wakiogopa waliruhusiwa kurudi nyumbani, wakaondoka watu 22,000 na kubaki 10,000. Ungefikiri sasa wamebaki mashujaa watupu. Lakini usiku wa vita Mungu anamwambia kiongozi wao: kama unaogopa kushuka, nenda kambini kwa adui pamoja na Pura, mtumishi wako, ukasikilize wanachosema. Mstari unaofuata Gideoni anashuka, na Pura yuko pamoja naye. Umeelewa maana yake? Jemadari bado anaogopa. Na Mungu, badala ya kumfukuza, anampa mtu wa kutembea naye gizani. Kwa hiyo tofauti ya Gideoni na wale 22,000 haikuwa kwamba yeye hakuwa na hofu. Ni kwamba yeye alishuka.

Imani si kufumba macho

Kuna kosa la upande wa pili, na lazima niliseme. Wengine wakisikia "usiogope" wanadhani imani ni kutupilia mbali tahadhari. Shetani alimpandisha Yesu juu ya mnara wa hekalu akamwambia ajitupe, na akamnukulia Zaburi. Lilikuwa jaribio la kutokuogopa! Yesu akakataa. Akasema asijaribiwe Bwana. Kwa hiyo si kila asiyeogopa ana imani. Mwingine anamjaribu Mungu tu.

Nchi yetu imelipa bei ya somo hili. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na uchunguzi ukaonyesha wengi wao walikufa kwa njaa. Watoto walikuwa miongoni mwao. Sisi tunaosimama madhabahuni tusilipite jambo hilo kama habari ya watu wengine. Mtu anaweza kufundishwa kuuogopa ulimwengu, shule na hospitali, mpaka akaitwa mwenye imani wakati amejaa hofu kutoka kichwa hadi miguu. Hofu huuzwa, na wakati mwingine huuzwa kanisani: usipotoa utalaaniwa, ukiondoka hapa utakufa, jirani yako amekuroga. Ukisikia mahubiri yanayokuacha ukimwogopa Mungu kama yule mtumishi alivyomwogopa bwana wake, kuwa mwangalifu. Ile picha ya bwana mgumu imerudi.

Darasani tulifundishwa kwamba mfanyabiashara akikutana na hatari ana njia nne. Anaweza kuiepuka, kuipunguza, kugawana na wengine kama tunavyofanya kwenye bima na vyama, ama kuibeba mwenyewe akijua anachobeba. Sioni kwamba imani inafuta hata njia moja hapo. Nuhu alijenga safina. Yusufu aliweka nafaka miaka saba. Nehemia aliomba na akaweka walinzi mchana na usiku (Nehemia 4:9). Mama akienda kupimwa mapema anapunguza hatari. Kijana akiwapigia wakopeshaji kuomba mpango wa kulipa kidogo kidogo anapunguza hatari. Hiyo si imani ndogo.

Lakini hesabu ina mwisho wake. Hesabu inaweza kukuambia hatari ni kubwa kiasi gani. Haiwezi kukuambia ni kitu gani kinastahili kuhatarishiwa. Ukiifuata peke yake, mwisho utafanya kama mtumishi wa tatu, maana shimo ndilo lenye hasara ndogo kwenye karatasi. Ni lazima kuwe na kitu unachokipenda kuliko usalama wako. Kwa hilo nitoe mfano wa majirani zetu.

Aliyebaki na aliyeondoka

Mwanzoni mwa mwaka 1977 Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Usiku wa tarehe 5 Februari askari waliingia kwa nguvu nyumbani kwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Janani Luwum, wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu waliandika barua ya kulalamikia maovu ya serikali, naye Luwum akiwaongoza. Alijua barua kama ile inaweza kumgharimu nini. Tarehe 16 Februari alikamatwa. Serikali ikatangaza kwamba alikufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Leo inajulikana kwamba aliuawa, na Uganda huikumbuka tarehe hiyo kila mwaka kama sikukuu ya taifa.

Mmoja wa maaskofu waliokuwa pamoja naye ni Festo Kivengere wa Kigezi, mhubiri wa uamsho aliyejulikana Afrika Mashariki yote. Baada ya kifo cha Luwum, alionywa kwamba yeye ndiye anayetafutwa. Yeye na mke wake wakaondoka, wakavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda.

Sasa swali: yupi alikuwa na imani? Aliyebaki akafa, ama aliyeondoka akaishi? Ukipima imani kwa kutokuogopa, itakubidi umhukumu Kivengere. Lakini Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wakiudhiwa mji huu wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23), na Paulo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Mimi naangalia talanta. Je, ilizikwa? Luwum hakuizika, alisema kweli mpaka mwisho. Kivengere hakuizika, aliivusha mlimani. Akiwa uhamishoni alihubiri na kuwahudumia wakimbizi, akaandika kitabu ambacho jina lake liliwashtua wengi, I Love Idi Amin, yaani ninampenda Idi Amin. Amin alipoanguka mwaka 1979, Kivengere alirudi kwa watu wake. Mtu aliyeendeshwa na hofu hawezi kuandika jina hilo juu ya mtu aliyetaka kumwua. Miguu yake ilikimbia, lakini moyo wake haukukimbia amri ya Yesu ya kumpenda adui.

Upendo ndio unaoifukuza

Yohana anasema upendo uliokamilika huifukuza hofu nje. Angalia hakusema ujasiri huifukuza. Hakusema kelele huifukuza. Na mistari inayozunguka neno hilo inaongea juu ya siku ya hukumu: hofu anayoitaja inahusu adhabu. Ni hofu ya mtumishi wa tatu kabisa. Msalabani picha ya bwana mgumu ilivunjwa. Yule tuliyesema huvuna asipopanda, alipanda Mwanawe. Ukiliamini hilo, hatari za dunia bado zipo, lakini ile hofu ya chini kabisa, kwamba Mungu ananitafutia kosa, imeondolewa nguvu.

Paulo naye anamwandikia Timotheo kwamba hatukupewa roho ya woga (2 Timotheo 1:7). Watu wengi huishia hapo. Endelea kusoma uone tulichopewa badala yake: nguvu, upendo, na akili ya kujitawala. Upendo umewekwa katikati.

Mnaujua upendo huu kuliko mnavyofikiri. Mama mboga anayetoka nyumbani saa kumi za usiku kwenda Marikiti, barabara ikiwa giza, anaogopa. Muulize. Anashika mkoba wake vizuri na kuomba njia nzima. Kinachomtoa nyumbani si kukosa hofu, ni karo ya watoto. Upendo umempita hofu yake kimo. Kama upendo wa mzazi unaweza hivyo, upendo wa Mungu aliyeumimina mioyoni mwetu utatufanya tufike wapi?

Wiki hii

Basi jibu langu kwa ndugu na dada wanaoniuliza kwa sauti ya chini ni hili. Hapana, kuogopa si dhambi, na haina maana kwamba huna imani. Lakini jiulize hofu yako imekufanya ufiche nini. Hapo ndipo Mungu anataka kufanya kazi nawe.

Kwanza, mwambie mtu mmoja. Yesu alienda Gethsemane na watatu, ingawa walilala. Esta, kabla ya kuingia kwa mfalme, aliomba watu wake wote wafunge pamoja naye siku tatu. Gideoni alikuwa na Pura. Tafuta Pura wako: mke, mume, mzee wa kanisa, mwenzako wa ushirika wa nyumbani. Hofu iliyotajwa kwa jina mbele ya mtu anayekupenda imeshaanza kutoka shimoni.

Pili, chukua hatua moja, hata kama ni ya usiku. Mama, panga siku ya kupimwa. Akina mama wa kanisa hili watakusindikiza ukiwaambia. Baba, mwambie mke wako leo jioni. Kijana, chukua karatasi. Usingoje moyo utulie ndipo uanze.

Tatu, na hili ni letu sote: tubadilishe ushuhuda wetu. Jumapili ijayo natamani kusikia mtu akisema, "Niliogopa sana, nikaenda hivyo hivyo, na Bwana alikuwa pamoja nami." Ushuhuda huo utamfungua mtu wa safu ya nyuma.

Na ukisikia ndugu anasema anaogopa, tafadhali usimkemee. Muulize, "Nikusindikize?"

Tuombe. Baba, wewe si bwana mgumu. Tunakuletea tulivyoficha. Wengine wetu tunatetemeka hata tukisema maneno haya. Tupe nguvu, tupe upendo, tupe kujitawala. Mpe kila anayeogopa mtu wa kushuka naye usiku. Utusaidie tukutii kabla hofu haijaisha, mpaka siku ile tutakapokuona uso kwa uso na hofu isiwepo tena. Katika jina la Yesu, Amina.